Kupika Bila Nyama, Samaki, Maziwa wala Mayai: Mwongozo wa Jiko la Mombasa

Mtu wa Mombasa anaweza kufungua kinywa kwa mahamri, mbaazi za nazi na chai ya rangi, mchana akala wali wa nazi kwa maharagwe na mchicha, magharibi akasimama kwa muuza viazi karai, kisha akalala bila kugusa kitu kilichotoka kwa mnyama na bila kuona kwamba amejinyima. Nusu ya kazi tumeshafanyiwa na mnazi. Nusu iliyobaki ndiyo tamu kwa mpishi: biriani ya Ijumaa, vyakula vya kupaka, katlesi, vitu ambavyo watu huapa kwamba havipikiki bila nyama, maziwa mgando au yai. Vinapikika, na vinatoka vizuri, mradi ujue kila kilichotolewa kilikuwa na kazi gani.

Wengine hupika hivi kwa ajili ya Kwaresima, wengine imani yao haiwaruhusu nyama, wengine wameshauriwa na daktari, na wengine ni hali ya mfuko. Njia ni moja kwa wote.

Vipimo vya hapa: kikombe ni mililita 250, kijiko cha chakula 15, kijiko cha chai 5.

## Jiulize nyama ilikuwa ikifanya nini chunguni

Kosa la kwanza la anayeanza ni kuchukua pishi la nyama alilolizoea, kuitoa nyama, na kupika vilivyobaki vilevile. Mchuzi unatoka mwembamba, mkali wa tungule (nyanya), na mlaji anabaki akiutafuta mlo ndani ya sahani. Sababu ni kwamba nyama ilikuwa na kazi nne, na zote zimeachwa wazi.

Ilitoa mafuta yanayobeba harufu ya viungo. Kazi hii mpe tui zito, korosho zilizosagwa, au mafuta uliyokaangia vitunguu. Ilitia ladha nzito inayokaa ulimini. Hii hutoka kwa vitunguu vilivyokaangwa hadi rangi ya kahawa, tungule ya kopo iliyopikwa mpaka ikaachana na mafuta, bizari iliyokaangwa kavu, na ukwaju. Ilimpa mlaji kitu cha kutafuna: hapa kuna fenesi bichi, biringani lililochomwa, vipande vya soya. Ya nne, hasa kwa mayai, ilishikanisha donge lisivunjike kwenye mafuta, na kazi hiyo unga wa dengu unaiweza kabisa.

Ukishaona upungufu uko wapi kati ya hizo nne, utajua cha kuongeza. Mchuzi usio na uzito hautibiwi kwa chumvi. Unatibiwa kwa kurudi kwenye vitunguu na kuvikaanga sawasawa.

## Tui: hapa usifanye haraka

Anza na nazi yenyewe. Itikise karibu na sikio. Maji yacheze kwa sauti. Nazi isiyolia imekauka au imepata ufa. Tazama macho yake matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe. Dafu halina tui, na koroma hutoa tui la maji maji lenye utamu lakini mafuta haba. Ukivunja, kinga maji kwenye kikombe na uyaonje kabla ya kukuna. Yakiwa machungu, machachu au yana ladha ya sabuni, nazi hiyo imeharibika. Fanya hivi kwa kila nazi peke yake, kwa kuwa moja mbovu ikichanganyika na tatu nzima, chungu chote kimeharibika.

Kwenye mbuzi ya kukunia, kuna nazi ukizungusha kifuu, ukitoa weupe peke yake. Ukianza kuona chenga za rangi ya kahawa, acha hapo; ganda hilo la ndani hulipa tui rangi ya majivu. Nazi nzuri iliyokunwa vyema, ukiifinya mkononi hata kabla ya kutia maji, inaacha vidole vinang'aa mafuta. Ukitumia blenda, ondoa lile ganda la kahawa kwa kisu, kata vipande vidogo, na usage na maji vuguvugu.

Kwa nazi mbili kubwa, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia. Fikicha dakika tatu, kisha kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito, na utapata karibu vikombe viwili. Rudisha machicha kwenye bakuli, tia vikombe vitatu vya maji, fikicha tena na ukamue. Hilo ni tui jepesi. Yaweke mbalimbali, ukiyachanganya umepoteza faida ya kuyatenganisha.

Utaratibu ni huu: chakula kinaivia kwenye tui jepesi, na tui zito linaingia mwisho. Tui ni matone ya mafuta yanayoelea ndani ya maji, yakishikiliwa na protini kidogo. Moto mkali na vitu vichachu huikunja protini hiyo, mafuta yakajitenga juu na chini pakabaki maji yenye chenga. Ndiko kukatika kwa tui. Kwa hiyo, tui zito likiingia, moto uwe wa wastani, sufuria isifunikwe, na usiondoke. Shika upawa, chota na umimine, chota na umimine, mpaka povu la kwanza la mchemko lipande. Likishachemka mara moja na kutulia, punguza moto na uliache dakika tano hadi kumi. Ndimu, ukwaju au embe mbichi viingie baada ya hapo, moto ukiwa chini.

Likikatika, usilimwage. Epua, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa mchele kwenye maji kidogo ya baridi, mimina polepole ukikoroga, kisha rudisha jikoni kwa moto mdogo dakika mbili. Ladha haijaharibika, ni sura tu.

Kwa joto la Mombasa tui bichi huchacha katika muda wa saa chache. Kwenye friji linakaa siku mbili, na mafuta yataganda juu, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Lipashe polepole na ukoroge. La pakiti linafaa siku ya haraka: lichanganye na maji sawa kwa sawa ulitumie kama jepesi, na uache kiasi kwa ajili ya mwisho.

## Maharagwe yasiyoiva, na maji ya kisima

Maharagwe, mbaazi kavu na kunde ziloweke saa nane. Usiku wa Februari jikoni kuna joto la kutosha kuzichachusha kabla ya alfajiri, kwa hiyo badilisha maji kabla ya kulala au loweka ndani ya friji. Yale maji ya kulowekea uyamwage. Pojo haihitaji kulowekwa. Inaiva kwa dakika 35 hadi 45.

Wengi hulaumu maharagwe kwamba ni ya zamani, na mara nyingine ni kweli. Lakini chunguza maji yako. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na visima vingi hutoa maji ya chumvi yenye chokaa. Chokaa hukaza ganda la maharagwe, ukachemsha saa tatu na bado yakawa magumu katikati. Pikia maji ya mfereji au ya kunywa. Ukiwa huna ila ya kisima, tia robo kijiko cha chai cha magadi kwa kila vikombe viwili vya maharagwe wakati wa kuloweka. Usizidishe: magadi mengi huyageuza uji wenye ladha ya sabuni, na huharibu vitamini B1.

Vitu vichachu navyo hufanya kama chokaa. Tungule, ukwaju na ndimu visiingie mpaka punje iminyike kirahisi kati ya vidole viwili.

Jambo moja lisilo la hiari: maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Yakiwa mabichi yana sumu inayotapisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Mbaazi za nazi, za watu sita: mbaazi kavu vikombe viwili, zilizolowekwa. Zichemshe kwa maji saa moja hadi saa moja na robo, au dakika 20 hadi 25 kwenye sufuria ya presha. Zikiwa laini, mwaga maji yaliyobaki, tia tui jepesi vikombe viwili, kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vidogo, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, na chumvi. Ziache zinywe tui mpaka libaki robo, kisha tui zito kikombe kimoja na nusu, kwa upawa kama ilivyoelezwa. Epua zikiwa bado na rojorojo, kwa kuwa zikipoa zitakaza. Mbaazi mbichi zikiwa msimuni, chemsha dakika 30 hadi 40 tu. Ladha yake hailingani na za kukausha hata kidogo.

## Mahamri ya kulia mbaazi hizo

Asili yake hayana maziwa wala yai. Unga wa ngano vikombe vinne, sukari nusu kikombe, hamira vijiko viwili vya chai, iliki iliyosagwa kijiko kimoja na nusu cha chai, na tui zito vuguvugu kikombe kimoja na robo. Tia tui kidogo kidogo. Unga hutofautiana, na donge linatakiwa liwe laini lisilonata mikononi. Kanda dakika 12 kamili. Funika, liumuke mpaka lizidi maradufu: saa moja hadi moja na nusu wakati wa kaskazi, mbili wakati wa baridi ya kusi.

Gawa madonge sita, sukuma kila moja liwe na unene wa nusu sentimita au kuzidi kidogo, kata vipande vinne. Yafunike kwa kitambaa dakika 15. Jaribu mafuta kwa kipande cha donge: kikipanda mara moja na kuzungukwa na mapovu madogo, yako tayari. Tia hamri, na papo hapo lichotee mafuta ya moto juu ya mgongo wake kwa mwiko wa matundu. Hapo ndipo linapojaa.

Hamri lisilojaa lina sababu chache: limesukumwa jembamba mno, uso wake umekauka kwa upepo wa feni, au mafuta ni baridi. Mafuta baridi pia hulifanya linywe mafuta. Yakiwa ya moto mno, nje linaungua na ndani unga mbichi.

## Bajia za kunde

Hizi zinajibu swali la kitafunwa chenye protini bila yai wala nyama, na ni rahisi mfukoni. Loweka kunde vikombe viwili kwa saa nne hadi sita, kisha zifikiche ndani ya maji kwa viganja. Maganda yataelea, yamwage, ongeza maji, rudia mara nne au tano. Ukipata kunde zilizokwisha kupaazwa, kazi hii imepungua sana.

Saga kwa maji machache iwezekanavyo, yasizidi robo kikombe. Hapa ndipo bajia nyingi zinapokufa: maji yakizidi, watu huongeza unga wa ngano, zikawa ngumu kama mpira. Tia thomu (kitunguu saumu) tembe tatu na pilipili mbuzi moja wakati wa kusaga.

Kisha piga. Tumia mkono au mwiko, ukizungusha upande mmoja, dakika tano, mpaka rojo libadilike kutoka kijivu likawa jeupe na kuvimba. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: likielea, hewa imetosha, likizama, endelea. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi ambayo wengine humpa yai au hamira. Kitunguu kilichokatwa, dania na chumvi viingie dakika ya mwisho kabla ya kukaanga, kwa sababu chumvi huvuta maji ya kitunguu na rojo likalegea.

Kaanga kwa moto wa wastani dakika nne hadi tano, madonge madogo ya kijiko. Kula na chatne: nazi iliyokunwa kikombe kimoja, embe mbichi nusu, pilipili moja, thomu tembe moja, chumvi, na maji ya kutosha kusagia.

## Mabiringani ya kupaka

Kinachopendwa kwenye samaki wa kupaka ni moshi wa makaa, uchachu wa ukwaju na tui lililoganda na kuungua hapa na pale. Vyote vitatu biringani linavipokea, na nyama yake ikiiva huwa laini na nzito.

Mabiringani matatu ya wastani, yakate kwa urefu, unene wa sentimita mbili. Nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai, acha dakika 20, kisha yapanguse. Biringani ni kama sponji. Chumvi hutoa maji na kulikandamiza, likashindwa kufyonza mafuta yako yote. Paka mafuta, thomu na tangawizi, choma juu ya makaa yasiyo na mwali dakika nne hadi tano kila upande. Kidole kizame bila kushindana. Biringani lisiloiva vizuri linakwaruza koo, na hakuna mchuzi utakaolificha.

Chemsha vikombe viwili vya tui zito na kijiko cha chakula cha thomu, kijiko cha chai cha tangawizi, nusu nusu ya bizari ya manjano na bizari nyembamba, pilipili mbuzi na chumvi. Koroga mpaka lipungue kufika kikombe kimoja na robo na lishike mgongo wa upawa. Epua, tia vijiko viwili vya chakula vya ukwaju mzito. Paka upande mmoja, rudisha kwenye makaa kwa sekunde chache, geuza, paka. Rudia mara tatu. Tui linaloanguka kwenye makaa ndilo linalorudi juu kama moshi wenye harufu, kwa hiyo usiogope likidondoka. Lililobaki mwagia sahanini.

## Biriani

Biriani ya Mombasa ina faida moja kubwa kwetu: wali na rojo hupikwa mbalimbali na kukutana sahanini. Wali unahitaji tu kuondolewa samli. Kazi yote iko kwenye rojo.

Kwa watu wanane: fenesi bichi lililosafishwa kilo moja, viazi nusu kilo, vitunguu kilo moja, tungule nusu kilo, tungule ya kopo vijiko vitatu vya chakula, thomu na tangawizi vijiko viwili viwili vya chakula, korosho gramu 100, tui zito kikombe kimoja, ndimu mbili, pilipili mbichi, dania. Bizari nyembamba na dania kavu vijiko viwili viwili vya chai, pilipili manga na iliki kimoja kimoja, karafuu sita, mdalasini vijiti viwili. Mchele wa basmati kilo moja.

Fenesi liagize mapema, kwa kuwa wengi sokoni huleta yaliyoiva. Unataka changa, ambalo kokwa zake bado laini. Kabla ya kulipasua, paka kisu, ubao na mikono mafuta ya kupikia. Utomvu wake hauondoki kwa sabuni wala maji, mafuta ndiyo yanayouondoa. Kata vipande vya ukubwa wa nyama ya biriani, chemsha kwa maji ya chumvi na bizari ya manjano dakika 20 hadi 25, mpaka kisu kipite lakini kipande kisivunjike. Chuja na ukikaushe vizuri. Ukikosa fenesi, tumia vipande vya soya vikombe vitatu: loweka kwenye maji moto yenye chumvi dakika kumi, kamua kwa nguvu, badilisha maji, kamua tena, mara tatu. Anayekamua mara moja hubaki na ile harufu ya maharagwe mabichi.

Kaanga vitunguu kwenye kikombe kimoja na nusu cha mafuta. Vikate vyembamba na sawasawa, moto wa juu kwanza, wa wastani baadaye, dakika 20 na zaidi. Vitoe vikiwa rangi ya dhahabu iliyokolea, kwa kuwa vitaendelea kuiva nje ya mafuta. Vikitolewa vikiwa rangi ya kahawa nyeusi, rojo zima litakuwa chungu. Mafuta yale ni mali. Yahifadhi yote.

Kwenye mafuta hayohayo, kiasi cha robo kikombe, kaanga fenesi mpaka kingo zake zipate rangi, kisha viazi. Weka kando. Ongeza mafuta vijiko vitatu, tia viungo vizima, thomu na tangawizi, halafu tungule ya kopo. Ikaange peke yake dakika tatu mpaka iwe nyekundu iliyokolea. Tungule mbichi na bizari za unga zifuate, upike mpaka uone mafuta yanachungulia pembeni. Usipite hatua hii kabla ya kuyaona. Uchachu mbichi wa tungule ndio unaoharibu rojo nyingi zisizo na nyama.

Sasa badala ya maziwa mgando: korosho ulizoloweka kwenye maji moto nusu saa, zisage laini na tui. Korosho hulipa rojo uzito na hulizuia tui lisikatike litakapokutana na tungule. Mimina, punguza moto, tia theluthi mbili za vitunguu vya kukaanga ukivivunja kwa mkono, fenesi na viazi, na maji kikombe kimoja. Funika nusu, dakika 20. Mwisho ndimu na dania. Rojo liwe zito la kukaa juu ya wali. Likitiririka, liache wazi jikoni lipungue.

Mchele uloweke nusu saa, uchemshe kwenye maji mengi ya chumvi dakika tano hadi sita, uchuje ungali na kiini kigumu. Urudishe sufuriani, nyunyiza vijiko sita vya yale mafuta ya vitunguu, zafarani au rangi upande mmoja, funika vizuri, moto mdogo kabisa dakika 15. Harufu ya mafuta hayo itakufanya usiikumbuke samli.

Ukitaka moshi, weka kaa moja jekundu kwenye kikombe cha chuma katikati ya rojo, dondosha mafuta, funika dakika tano, kisha utoe. Fanya dirisha likiwa wazi, kwa kuwa moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari.

## Katlesi na mboga za majani

Katlesi huvunjika kwa sababu viazi vina maji, na watu wakadhani ni kukosa yai. Chemsha viazi na maganda yake, menya, viponde vingali moto viachie mvuke. Chovya kila katlesi kwenye rojo la unga wa dengu na maji sawa kwa sawa, robo tatu ya kikombe kila kimoja, kisha kwenye chenga za mkate. Ziweke friji nusu saa kabla ya kukaanga.

Mchicha wa nazi hautaki zaidi ya dakika tano. Mchunga chemsha kwanza, mwaga maji, ndipo uunge kwa tui. Kisamvu lazima kitwangwe na kichemke muda mrefu bila kufunikwa, saa moja au zaidi, kwa kuwa majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi.

## Kinachokosekana kweli

Protini haipungui kwa anayekula mbaazi, kunde, pojo na maharagwe pamoja na wali, ugali au mahamri. Upungufu wa nafaka hujazwa na kunde, na si lazima vikutane kwenye sahani moja. Madini ya chuma hupokewa vyema mwilini ukikamulia ndimu chakulani, na vibaya ukinywa chai wakati huohuo. Iache chai saa moja baada ya kula.

Vitamini B12 ni habari nyingine. Mimea haina, hata mchicha, hata nazi. Tangu 2012 unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti hapa Kenya unatakiwa kisheria kurutubishwa kwa vitamini na madini, lakini usiutegemee huo peke yake. Anayeacha vitu vya wanyama kabisa, si kwa wiki moja bali kwa maisha, anahitaji vidonge vya B12. Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, ila vidonge huwa na kiasi kikubwa zaidi kwa kuwa mwili hupokea sehemu ndogo tu. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga wasichelewe kwenda kliniki kwa hili. Upungufu huja polepole, na unaweza kudhuru mishipa ya fahamu kabla hujajua. Tumia pia chumvi yenye madini joto, kwa kuwa samaki ameondoka mezani.

## Ukila nje

Uliza kwa adabu, uliza kitu mahususi. "Hakina nyama?" halitoshi, kwa kuwa samli na maziwa havihesabiwi kuwa nyama. Sema: "Bi, mahamri haya umekanda kwa tui au kwa maziwa?" "Ami, mafuta haya mumekaangia samaki?" Chapati waulize samli, kaimati waulize mtindi, na halua waulize samli pia. Mchuzi wa maharagwe wa hotelini mara nyingi umetiwa kidonge cha supu ya nyama. Siagi ya mimea dukani isome nyuma ya kopo, kwa maana nyingine zina maziwa ndani. Viazi karai, muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, kachri na mabuyu, kwa kawaida ni salama.

Na mbaazi zikibaki jioni, zisilale juu ya jiko. Zitie friji zikishapoa, na asubuhi zichemshe mpaka zitoe povu, ukiongeza maji kidogo ili zilegee tena.